Sahihi Chini ya Plastiki

Watu wanaokusanya vitu vya gemu vilivyotiwa sahihi wana dini yao, na amri ya kwanza ya dini hiyo ni kwamba kitu kibaki kama kilivyotoka dukani. Gemu ilitengenezwa ichezwe, lakini wao huitaka ile ambayo haijawahi kuchezwa. Ukifungua kasha, bei imeshuka. Ukiliacha juani, bei imeshuka. Ukikipenda kitu mpaka kikachakaa mikononi mwako, huna tena cha kuuza. Haya yote niliyajua kabla ya Jumamosi ile, kwa hivyo sina wa kumlaumu, ingawa nilimpata.

Changu kilikuwa kipande cha karatasi tu. Lilikuwa jalada la gemu ya kupigana, lile linalochomekwa mbele ya kasha la diski, lenye picha ya wapiganaji kumi na wawili waliokunja ngumi na kukunja nyuso. Chini kabisa, pembeni, alisimama ajuza mwenye fimbo ambaye hakuna aliyekuwa akimchagua. Karibu na miguu yake palikuwa na sahihi ya wino wa rangi ya fedha, na kando ya sahihi mchoro mdogo wa mkono ulioshika fimbo. Aliyeitia sahihi hiyo ni mzee wa kutoka nchi ya mbali, yule yule aliyewachora wapiganaji wote.

Gemu hiyo nilijifunzia Makongeni, hapa Thika, katika kibanda cha mabati kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani. Wengine waliwahi wapiganaji wazuri, wale wa mateke ya kuruka na moto wa viganjani, wakaniachia ajuza kwa kunicheka. "Chukua nyanyako," walisema. Nikamchukua. Alikuwa mzito na alichelewa kuinua fimbo, lakini ukimvumilia alikuwa na pigo moja la chini ambalo hakuna aliyejua kulikinga, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupigwa nalo. Baada ya mwaka mmoja hawakucheka tena. Walianza kusema zamu zangu ni ndefu mno.

Miaka ilipita, nikawa mtu mzima mwenye kazi, na siku moja yakafanyika Nairobi mashindano makubwa ya gemu, na yule mchoraji akaalikwa kama mgeni. Sikuenda kushindana. Nilienda na jalada langu kwenye bahasha, nikapanga foleni nusu siku. Mzee mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, koti limemzidi mabega, na kando yake mwanamke wa kumtafsiria. Kila aliyefika mezani aliulizwa swali moja: wewe huchagua nani? Watu walitaja wale mashujaa wakubwa, na mzee akatia sahihi bila kuinua kichwa. Nilipofika mimi niliweka kidole juu ya ajuza.

Mzee aliweka kalamu chini. Akasema, na yule mwanamke akatafsiri, kwamba yule ni bibi yake aliyemlea, kwamba mara tatu walitaka kumtoa kwenye gemu na yeye akakataa, na kwamba katika nchi zote alizozunguka hajawahi kukutana na mtu anayemchagua. Kisha akachora ule mkono, polepole, watu nyuma yangu wakifyonya. Alipomaliza alisimama, akaniinamia. Mimi mtu wa Thika nilijua wapi mambo ya kuinamiwa? Nikainama pia, nikagonga meza kwa paji la uso, na sote wawili tukacheka.

Nilirudi nyumbani na furaha ya kijinga, ile ya kutaka kumwonyesha kila mtu. Wazazi wangu walikuwa bado wanaishi Makongeni, na siku hiyo nilimkuta baba peke yake. Alilishika jalada, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele.

"Wamekupa cheti?" akauliza.

"Si cheti, baba. Ni sahihi."

"Sahihi ya kazi gani?"

"Ya huyo aliyechora hawa watu."

"Haya, sawa," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Inabidi nimweleze baba, maana asiyemjua atadhani ni mtu mkavu. Alitoka magharibi akiwa kijana kuja kutafuta kazi Thika, akaipata katika kiwanda cha nguo, akasimama mbele ya mashine moja mpaka kiwanda kilipofungwa. Siku hizo wafanyakazi waliambiwa waje na barua zao za kuajiriwa ili walipwe haki zao. Wenzake wengi walikuja na makaratasi yaliyotafunwa na panya, yaliyolowa, yaliyokatika kwenye mikunjo, wakarudishwa pale pale mlangoni. Ya baba ilikuwa imelaminetiwa, yaani imefunikwa kwa ile plastiki inayogandishwa kwa moto kwenye saiba, pale wanapotoa kopi. Alisikizwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna karatasi ya maana iliyoingia nyumbani kwetu ikabaki uchi. Vyeti vyangu vya shule, kadi yangu ya chanjo, cheti chao cha ndoa, vyote vilipitia moto. Tulipokwenda kuchukua cheti cha kifo cha mama hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulipitia saiba kwanza.

Kwa hivyo jalada langu lililala kwenye droo yangu miaka yote bila plastiki, na mimi nilielewa vizuri kwa nini. Kwa baba, halikuwa karatasi ya maana. Jambo hilo liliniuma, nasema waziwazi, na sikuwahi kumwambia.

Baada ya mama kufa baba alihamia kwangu Ngoingwa, mtaa mwingine wa Thika, ili awe karibu na kliniki yake ya sukari. Hakuwa mzigo. Alikuwa mtu wa kuamka kabla yangu, na nikitoka chumbani nilikuta chai imechemka, dirisha liko wazi, na yeye yuko nje anagonga msumari mahali ambapo mimi sikuwa hata nimeona panahitaji msumari. Tulikaa kwa amani, amani ya watu wasioulizana mengi.

Mimi nilifanya kazi Mugutha, upande wa Ruiru, katika kibanda cha gemu cha mama mmoja wa pale. Nilikiendesha kama changu. Nilibadilisha padi zilizokufa vitufe, niliwatenganisha waliotaka kutoka kwenye skrini wapigane kikweli, na niliwajua kwa sura mafundi wa mjengo waliokuja saa ya chakula, wakacheza mechi moja wakiwa na saruji kwenye nyusi, wakarudi kazini. Kisha yule mama akaamua kuuza kila kitu ahamie kwa binti yake ng'ambo.

"Wewe ndiye ningetaka uchukue," aliniambia. "Lakini na mimi niko na safari. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi, basi."

Sikuwa na pesa za kununua hata viti vya pale. Nilikuwa na miaka saba ya kumfanyia mtu mwingine kazi, na mkono mtupu haulambwi.

Wiki ile ile mchoraji akafariki. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kazini, nikaketi. Nililia kidogo. Halafu nikafanya jambo ambalo huwa siwaambii watu: nikatafuta bei. Zilikuwa zimeshapanda. Mzee wa watu hajazikwa, na huko mtandaoni kila mwenye sahihi yake anaiita adimu na kuongeza sifuri. Nilikasirika nao, nikawaona fisi, na jioni hiyo hiyo nikapiga picha za jalada langu nikajiunga nao. Mwenye njaa hana miiko, hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mnunuzi nilimpata Ruiru. Alikuwa mwanamume wa makamo, wa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi walioko Thika tangu enzi za babu zao, na Kikuyu chake ni kizuri kuliko changu. Nyumbani kwake alinipeleka kwenye chumba ambacho mapazia hayafunguliwi, ili jua lisichubue rangi za makasha. Rafu zilipanda mpaka darini. Kulikuwa na gemu moja ambayo nikiwa mdogo niliililia mpaka nikapata homa, nayo ilikuwa pale ndani ya sanduku la kioo, karatasi yake ya dukani haijachanwa.

"Hii umewahi kuicheza?" nikamwuliza.

"Ngai! Nicheze nishushe bei?"

Nilicheka naye, lakini moyoni nilimchukia kidogo. Vitu vyote vile, na hakuna kidole kilichowahi kuota sugu kwa ajili yake. Nilimpa simu aone picha. Alizikuza, akasogeza uso karibu. Alichokitaka ni ule mkono. Alisema wenye sahihi ni wengi duniani, ila mchoro aliochorewa mtu mmoja kwa sababu moja haupatikani kwingine, tena nimweleze kisa chote akiandike. Kisha akataja bei. Ingetosha kununua kibanda na bado nikabaki na kitu cha kubadilisha televisheni mbili zilizokuwa zikitetemeka.

"Jumamosi naleta mzigo Thika, nitapitia kwako," akasema. "Lakini dada, sikiza vizuri. Iache vile iko. Usipanguse, usinyooshe, usifanye kitu yoyote. Nikiikuta hivi, tumemalizana."

Hayo niliambiwa mimi. Baba hakuambiwa.

Ijumaa jioni nilikuwa nakata sukuma jikoni, na baba amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Nilimwambia kwamba kesho tuna mgeni, anakuja kununua karatasi yangu ya sahihi.

"Ile ya gemu?" akashangaa.

"Ile ile. Nikwambie ukweli, baba, hakuna kitu cha thamani kama hiyo humu ndani. Hata hiyo friji haiifikii."

Kisha akaomba aione. Nilipanguza mikono, nikalitoa kwenye droo, nikampa. Alivaa miwani yake, akalishika kwenye pembe kwa ncha za vidole, akalitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu changu chochote.

"Na huyu mzee alikuandikia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

Nikamsimulia yote, foleni, ajuza, ule mkono, kuinamiwa. Nilipofika pale nilipogonga meza kwa kichwa baba alicheka mpaka akavua miwani. Alisema, "Kumbe, mama, ulikuwa mtu mkubwa na hukutuambia." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nilitaka kumjibu kwamba nilimwambia, miaka hiyo yote iliyopita, akaongeza sauti ya redio. Nikaacha. Jioni ilikuwa nzuri mno, na mimi nilidhani neno kama lile limechelewa lakini limefika.

Jumamosi asubuhi niliondoka mapema kwenda Mugutha kufungua kibanda, nikamwachia mwenzangu saa tano, nikarudi Ngoingwa na maziwa na mkate na mandazi ya mgeni. Nilimkuta baba amevaa koti lake la kanisani na tai. Nilicheka, nikamwambia mgeni si askofu. Naye akacheka. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba, na mimi sikujiuliza ametoka wapi.

Mgeni alifika saa nane. Tulisalimiana, nikamimina chai, nikaenda chumbani kufungua droo. Ilikuwa tupu. Niliporudi sebuleni baba alikuwa ameshasimama.

"Kaa, mama, usiogope. Iko," akasema.

Alitoa bahasha ya kaki chini ya mto wa kiti, akampa mgeni kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, kama mtu anayewasilisha maombi ya kazi ofisini. Mgeni akaingiza mkono, akalitoa jalada, nalo likang'aa.

Lilikuwa limelaminetiwa. Plastiki ilikuwa nene, ngumu kama sahani. Kingo za jalada zilikuwa zimepunguzwa kwa mkasi ili liingie vizuri, na pembe zote nne zimekatwa mviringo zisimkwaruze mtu. Juu ya uso wa ajuza palikuwa na kiputo cha hewa. Wino wa fedha ulikuwa umepata joto ukawa wa kijivu, na ule mkono ulioshika fimbo ulionekana kama uchafu uliobanwa kwenye kioo.

"Nimewaambia waweke ile nzito," baba akamweleza mgeni, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi na akaimaliza. "Hata ikimwagikiwa na chai unapangusa tu. Hii itakaa mpaka wajukuu."

Mgeni alinitazama mimi, si yeye. "Ngai," akasema polepole. "Mzee, nani alikwambia ufanye hii?"

"Hakuna. Nimeona si vizuri mtu akuje kununua kitu ya maana ikiwa hivyo tu."

Yule mnunuzi hakuwa mtu mbaya, na ningefurahi angekuwa mbaya. Alijaribu kueleza kwa upole kwamba moto umeingia kwenye wino, kwamba kingo zikishakatwa hazirudi, kwamba watu kama yeye wananunua kitu jinsi kilivyoachwa na mkono wa aliyekitia sahihi. Alisema anaweza kunipa kitu kidogo, kama kumbukumbu. Kiasi alichotaja kingenunua nyama ya Jumapili. Baba alikuwa akitazama mdomo wake, kisha uso wangu, kisha mdomo wake tena, na nikaona anaanza kuelewa.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angemsindikiza mgeni, akafunga mlango, akaenda kulia bafuni. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu umezaliwa na pilipili.

"Nani alikutuma?" nikamwuliza baba, mgeni akiwa amekaa pale pale na kikombe mkononi. "Nani alikuuliza? Miaka yote hii hujawahi kuijali hiyo karatasi, leo kiherehere umekitoa wapi?"

"Mama, nilifikiri..."

"Usifikiri! Hiyo ndiyo ilikuwa kibanda. Hiyo ndiyo ilikuwa maisha yangu, umeenda kuichoma. Kutoka leo usiguse kitu humu ndani bila kuniuliza. Chochote. Umenisikia?"

Mgeni aliweka kikombe chini. "Dada, taratibu," akasema. "Huyo ni mzee wako."

"Na wewe maliza chai uende," nikamjibu.

Akaenda bila kumaliza. Baba alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, tai shingoni. "Nimesikia, mama," akasema. Baada ya muda akauliza, "Nitoe vikombe?" Nilidhani ananikejeli. Nikachukua vikombe mwenyewe, nikavigonganisha kwenye sinki kwa makusudi ili asikie.

Mwisho wa mwezi ulifika na kibanda kikachukuliwa na mtu mwingine, ambaye aliniweka pale pale kama mfanyakazi, akabandika ukutani sheria zake kumi. Jalada nililijaribu mtandaoni, kwa hasira kuliko kwa matumaini. Mtu mmoja aliuliza kama ni menyu ya hoteli na chapati ni ngapi. Mwingine akasema pole kwa kufeli, maana alidhani ni cheti. Nililitoa siku hiyo hiyo. Watu wa biashara hiyo hupenda kusema kitu kina bei ya sokoni na bei ya moyoni, na kwamba ukikosa ya kwanza unabaki na ya pili. Wanadanganya. Mimi nilibaki na kitu ambacho siwezi kukiuza na siwezi kukitazama.

Siku moja nikiwa mjini Thika niliamua kwenda kwenye ile saiba nigombane na mtu. Niliingia na jalada mkononi, nikaliweka juu ya kaunta mbele ya msichana aliyekuwa akitoa kopi, nikamwuliza kama plastiki ile inaweza kutolewa.

"Hapana, ikishashika imeshika," akasema, kisha akalitambua. "Haiya! Hii ni ya ule guka, ule mzee wa tai? Wewe ndio msichana wake?"

Nikamwambia ndiyo, nikitafuta mahali pa kuanzia ugomvi.

"Ule mzee alinisumbua!" akasema huku akicheka. "Nilimwuliza, guka, una uhakika, hii si ni picha tu? Akaniambia hiyo ni cheti ya msichana wake, alipewa na mwenye kuchora mwenyewe, mpaka akamwinamia. Akawaambia watu wote waliopanga laini hapa. Alisimama hapo akiniangalia nikikata, anasema nisikaribie sahihi. Alikuwa ametoka Ngoingwa na miguu, eti boda zitaikunja."

Sikugombana na mtu. Nililipia kopi ambayo sikuihitaji, nikatoka.

Kwetu mtoto hamwombi mzazi msamaha kwa mdomo tu. Jumapili hiyo nilinunua kuku wa kienyeji, nikampika vizuri, nikasonga ugali, na ile firigisi, ambayo ni ya baba wa nyumba na hakuna mwingine anayeigusa, nikaiweka juu kabisa kwenye sahani yake. Aliitazama.

"Hii ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, baba. Ya nani tena?"

Akala. Kisha akauliza kama anaweza kuongeza mchuzi. Nikaona nisipite kando ya jambo, nikamwambia yale maneno niliyomwambia mbele ya mgeni yalikuwa mabaya, na naomba anisamehe. Akanishika kichwa, akasema, "Yaliisha siku ile ile, mama. Hata mimi nilikosa." Na najua alisema ukweli, maana baba hana kinyongo, hajui hata kinawekwa wapi.

Lakini asubuhi yake nilitoka chumbani nikamkuta amekaa gizani. Alikuwa akiningoja niamke ili aniulize kama afungue dirisha. Akauliza kama awashe gesi. Akauliza kama atumie kikombe cha bluu. Nilimwambia, baba, nimesema hayo yaliisha, fanya tu unavyotaka, hapa ni kwako. Akaitikia, "Sawa, mama." Kesho yake akaniuliza kama anaweza kubadilisha stesheni ya redio. Nimejaribu kumchekesha, nimejaribu kumkaripia, jambo lililozidi kuharibu. Nyundo yake sijaisikia tena. Si kwamba ananilipiza, na hilo ndilo linalonichoma. Baba alikaa kiwandani miaka mingi. Mtu wa namna hiyo ukimpa sheria haipimi kama ilitolewa kwa hasira. Anaishika.

Juzi niliamka mapema nikamfulia mashati yake mawili na suruali yake ya kanisani, nikaanika nje, nikaenda kazini. Kibanda kilijaa, na simu nilikuwa nimeiweka chaji nyuma ya televisheni. Mugutha kulikuwa na jua tu. Nilipoishika simu saa tisa nilikuta amenipigia mara sita. Nikafikiria sukari, nikafikiria ameanguka. Nikampigia huku natoka nje.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna neno, mama. Huku mvua ilikuwa kubwa. Nilitaka kukuuliza kama nianue nguo," akasema. "Lakini sasa imekwisha."

Nilisimama pale kando ya barabara, watu wakinipita. Nilimwuliza nguo ziko wapi. Akasema ziko pale pale kwa kamba.

"Anua, baba," nikamwambia.

"Asante, mama," akasema, na nikasikia akifungua mlango kwenda kuzichukua.